Haki Iliyoahirishwa: Maswali Kuhusu Amani ya Burundi

Barua nyingi zinauliza nani alisaini Mkataba wa Arusha wa 2000 na nani alipatanisha. Hayo yameshaandikwa sana. Nimechagua maswali ambayo majibu yake mabaya yanagharimu maisha ya watu.

Je, chanzo cha vita vya Burundi si kwamba Wahutu na Watutsi hawawezi kuishi pamoja?

Hapana. Wanaongea Kirundi kimoja, wanalima vilima vilevile na wanaoana.

Wasomaji kadhaa mmeuliza jambo moja kwa maneno tofauti: kwa nini Warundi wasisamehe na kusahau, kama walivyofanya Afrika Kusini?

Kwa sababu Afrika Kusini hawakufanya hivyo. Dhana hii imezagaa mno, na huwafaa zaidi wenye jambo la kuficha. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyoongozwa na Askofu Mkuu Desmond Tutu haikumsamehe mtu eti kwa kuwa mapambano yamekwisha. Aliyetaka kinga aliomba kwa jina lake, akaeleza yote aliyoyatenda, na akathibitisha kwamba alitenda kwa sababu za kisiasa. Maombi yalizidi 7,000; yaliyokubaliwa ni machache. Udhaifu ulikuja baadaye, pale waliokataliwa na walioidharau tume walipoachwa bila kushtakiwa, na familia za waliouawa zinalilalamikia hilo mpaka leo. Anayetaja Afrika Kusini ili kuzima madai ya haki anautumia ushahidi unaompinga mwenyewe. Zaidi ya hapo, waliokaa Arusha hawakukubaliana kusahau. Mkataba ulitaka tume ya ukweli, ulitaka uchunguzi wa kimataifa, na ulikataa msamaha kwa mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu na uhalifu wa kivita. Anayesema haki ni wazo la wageni hajausoma.

Lakini nani angeweka silaha chini akijua mahakama inamsubiri?

Hili ni pingamizi lenye uzito. CNDD-FDD, kundi kubwa la waasi, lilisaini makubaliano ya kusitisha vita Dar es Salaam Novemba 2003, na kinga ya muda ilikuwa sehemu ya mapatano ya mwaka huo. Bila kinga hiyo, vita vilivyoanza 1993 na kuua watu wapatao 300,000 huenda vingeendelea. Siilaumu kinga, ila nalaumu kusahauliwa kwa neno "muda". Sheria ya kuunda tume ya ukweli ilipitishwa 2014, miaka 14 baada ya saini za Arusha, na mahakama maalumu ya kuwahukumu wahusika haikuundwa kabisa. Mwaka 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipogombea muhula wa tatu, waandamanaji walipigwa risasi na mamia ya maelfu wakakimbia nchi, wengi wao wakiingia Tanzania. Sidai kwamba mahakama peke yake ingeyazuia hayo. Nadai kwamba mwenye bunduki akiona waliomtangulia hawakuulizwa kitu, naye hana cha kumzuia.

Kugawana viti vya uongozi na nafasi za jeshi kwa asilimia za kikabila si kuukuza ukabila?

Hofu hiyo haikutimia. Sharti la Arusha kwamba kabila moja lisizidi nusu ya jeshi liliwapunguzia Watutsi hofu ya kuangamizwa, na Wahutu hofu ya mapinduzi. Ndiyo maana mwaka 2015 Wahutu na Watutsi waliandamana bega kwa bega. Upungufu wa viti ni kwamba vinawahusu wanaovikalia tu.

Tume ya ukweli ya Burundi imefukua makaburi. Je, haki haijapatikana?

Imepatikana nusu. Mwaka 2020 tume ilitangaza kupata mabaki ya watu zaidi ya 6,000 mkoani Karusi, na waliofiwa katika mauaji ya Wahutu ya 1972 walistahili kujua tangu zamani. Lakini kazi yake imeelemea mno mwaka 1972, ilhali mwaka 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Watutsi wengi walichinjwa na jeshi likawalipizia Wahutu. Ukweli unaohesabu maiti za upande mmoja haumpatanishi mtu.

Mkimbizi wa 1972 amerudi Rumonge, akakuta shamba lake lina mtu. Nani mwenye haki?

Wote wawili wanaweza kuwa nayo, na hapa ndipo wanasiasa wanapokwepa. Wengi wanaoyalima mashamba yale waligawiwa na serikali. Hawakuvunja mlango wa mtu. Ukimwondoa wa sasa bila fidia, umetengeneza mkimbizi mpya. Ukimwambia wa zamani asahau, umehalalisha unyang'anyi. Mkataba wa Arusha uliahidi kwamba mkimbizi arudishiwe mali yake, na isipowezekana alipwe fidia. Basi aliyegawa ardhi isiyo yake ndiye mwenye deni, naye ni dola. Kuligawa shamba nusu kwa nusu, kisha kuita hayo maridhiano, ni kuwalipisha maskini wawili deni la serikali. Katika nchi inayoishi kwa jembe, amani haijafika kilimani mpaka deni hilo lilipwe.