Makala Yako Jaridani: Namna ya Kuifikisha Wenje Bila Kuvunja Mkataba

Ukifanya utafiti Wenje, jiandae kuulizwa na wazee wa Gasa, baraza la jadi la Wapokomo: "Ile kazi yetu iko wapi?" Wana haki kuuliza. Vijiji hivi vya kando ya Mto Tana vimejibu madodoso ya watafiti kwa miongo mingi. Mwaka 1992 Margaret Kinnaird aliandika makala katika jarida la Conservation Biology kuhusu jinsi watu na wanyama wa jamii ya nyani wanavyogombea mkindu. Msuka mikeka wa Wenje ataisomea wapi?

Makala yangu kuhusu misitu ya huku nayo ilitoka kwenye jarida la ng'ambo. Asiye na maktaba ya chuo anadaiwa dola. Haya ndiyo niliyofanya.

Nilianza na mkataba. Huwa umelala kwenye barua pepe tangu siku ile ulipobofya "nakubali" kwa furaha ya kukubaliwa. Angalia kama ulihamisha hakimiliki yote au ulitoa leseni tu. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki hazihami bila maandishi, basi soma maandishi yenyewe, si maneno ya mwenzako wa ofisini.

Halafu pambanua matoleo. Kuna rasimu uliyoituma mwanzo. Kuna iliyokubaliwa baada ya wapitiaji kukuhangaisha. Na kuna toleo lenye nembo na kurasa za jarida. Hilo la mwisho ndilo wachapishaji wanalolibania. La kati mara nyingi unaruhusiwa kuliweka kwenye hazina ya chuo baada ya muda, na kwa majarida mengi ya sayansi ya Wiley ni miezi 12. Ili ujue masharti ya jarida lako, litafute jina lake kwenye huduma ya Jisc ya Uingereza iliyojulikana kwa miaka mingi kama Sherpa Romeo, ni bure. Basi litunze faili hilo la kati. Sisi watu wa "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli" hulipoteza kirahisi, kisha tunabaki na PDF ya jarida tusiyoruhusiwa kuigawa.

Kuhusu ResearchGate, mtandao wa watafiti wa kupakia makala, taratibu. Elsevier na American Chemical Society waliishtaki katika mahakama ya Ujerumani mwaka 2017, wakapatana nayo 2023. Usipakie toleo la jarida kwa kuwa tu kila mtu anapakia.

Lakini tuseme kweli: hata rasimu ya bure, kwa Kiingereza cha kitaalamu, haimsaidii sana mkulima wa maembe. Hapa sheria iko upande wetu. Hakimiliki hulinda namna ulivyoandika, hailindi matokeo yenyewe. Kutafsiri makala nzima kunahitaji kibali ukishahamisha haki. Kueleza upya ulichokigundua, kwa maneno mapya, hakuhitaji. Niliandika kurasa mbili za Kiswahili, nikatia picha zangu ambazo hazikutoka jaridani, na ramani niliyoichora upya kabisa. Zilisomwa barazani, kijana mmoja akifafanua kwa Kipokomo. Mzee mmoja akaweka kidole kwenye ramani: "Mbona ng'ambo ya pili ya mto umeiacha tupu?" Hakuna mpitiaji aliyeniuliza hivyo.

Kwa nakala za makala yenyewe, nilimwandikia mchapishaji mistari mitatu: jina la makala, idadi ya nakala, na kwamba haziuzwi. Omba kwa unyenyekevu ila usijieleze kupita kiasi. Na ikiwa makala yako ina leseni huria ya CC BY ya Creative Commons, usiombe mtu. Chapa, tafsiri, tuma WhatsApp. Taja waandishi, chanzo na leseni, na useme kama umebadilisha kitu.

Mwenye makala inayosubiri sahihi, mwulize mhariri leo kama unaweza kubaki na hakimiliki ukampa leseni tu. Ukishatia sahihi, utakuwa unaomba ruhusa ya kugawa kazi uliyoiandika mwenyewe.