Gemu, Watoto na Shilingi Ishirini: Majibu kwa Maswali ya Wazazi wa Sigor

Sigor tunayoizungumzia ni ya Chepalungu, Kaunti ya Bomet, wala si ile ya Pokot Magharibi. Shuka matatu siku ya soko, wapite wauza nyanya na mafundi wa pikipiki, na hutakosa kusikia kishindo cha "Gooool!" kikitoka nyuma ya duka. Ndani mna runinga moja, PlayStation iliyozeeka na padi mbili, moja imefungwa kwa selotepu. Benchi la watu watano limebeba tisa. Nje kuna mama anayemtafuta mwanawe aliyetumwa unga tangu saa tisa.

Hapo ndipo ubishi huanzia. Mzazi anasema gemu zinaharibu watoto; vijana wanasema wanasingiziwa. Ubishi hupamba moto mwisho wa mwaka. Bonasi ya chai hulipwa mwezi wa Oktoba huko Konoin, Sotik na Kericho, simu mpya zinaingia nyumbani, na baada ya wiki chache shule zinafungwa hadi Januari. Haya hapa ni maswali yanayoulizwa sana na majibu yake.

Je, gemu za kupigana humfanya mtoto awe mkatili?

Hili ndilo shtaka la zamani kuliko yote. Mwaka 1993 maseneta wa Marekani waliketi kuijadili gemu ya Mortal Kombat, ambayo wachezaji wake hung'oana vichwa. Mwaka uliofuata kampuni za gemu zikaunda bodi ya kupanga gemu kwa umri, ESRB. Jimbo la California lilipopiga marufuku kuwauzia watoto gemu za ukatili, kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na mwaka 2011 majaji saba kati ya tisa waliitupa sheria hiyo. Walisema, pamoja na mengine, kwamba tafiti zilizoletwa hazikuthibitisha kuwa gemu ndiyo inayomfanya mtoto awe mkali.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2019 uchunguzi wa vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15 wapatao elfu moja, pamoja na walezi wao. Hawakuona uhusiano kati ya gemu za ukatili na ukorofi wa vijana hao. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa msimamo wenye pande mbili: hakuna ushahidi wa kutosha kwamba gemu huzaa vitendo vya ukatili mkubwa, ila upo uhusiano mdogo kati ya gemu hizo na ukali wa kawaida, kama kufoka na kusukumana.

Kwa hiyo kijana anayesema "mimi najua gemu ni gemu" anasema kweli kwa sehemu kubwa. Lakini kijana huyo ana miaka 17. Mdogo wake wa miaka 6 aliyebanwa kwenye benchi lilelile, macho kwenye skrini, si mwenzake.

Wachezaji wenyewe wanajiteteaje?

Wana hoja tatu, na zote zafaa kusikilizwa.

Ya kwanza ni kwamba chumba cha gemu ni afadhali kuliko kwa mama pima. Ni kweli kwamba kijana aliye pale anaonekana na yuko na wenzake. Hata hivyo, kutokuwa mahali pabaya zaidi hakufanyi mahali kuwa salama kwa kila umri na kila saa.

Ya pili ni kwamba mchezo wa akili si jambo geni kwetu. Wazee walikaa kivulini wakihesabu kete za bao, na hakuna aliyewaita wapotevu. Tofauti ni kwamba bao lilikuwa na mwisho: jua likitua, ng'ombe wanarudi. Gemu ya simu imetengenezwa isiwe na jioni. Kila ukifungua kuna zawadi ya leo, na ya kesho inakusubiri.

Ya tatu ni kwamba gemu ni kazi. Mifano ipo. Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alianza kushindana katika gemu ya Tekken hapa Kenya, akasajiliwa na timu ya Marekani huku akisomea sheria. Andrew Kaggia na wenzake walitoa mwaka 2015 gemu ya Nairobi X, ambamo mchezaji hulilinda jiji la Nairobi dhidi ya wavamizi kutoka anga za mbali. Lakini Gathoni hakuacha masomo ili acheze, na Kaggia hakujifunza kutengeneza gemu kwa kuzicheza tu. Mtoto akikwambia gemu ni kazi, mwulize anataka upande upi, kucheza au kutengeneza, kisha uzungumze naye juu ya hisabati.

Uraibu wa gemu ni ugonjwa kweli?

Ndiyo, ila si kila anayependa gemu ana uraibu. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo hili katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili ni tatu: mtu hawezi kujizuia, gemu inayapiku mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea hata anapoona madhara. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu kwa miezi 12 au zaidi, na imevuruga masomo, kazi au uhusiano wake na watu.

Mtoto aliyecheza likizo nzima ya Desemba kisha akarudi shuleni na kuendelea vizuri si mgonjwa. Anayetoroka shule muhula baada ya muhula, hali, haogi, anaiba ili acheze, na ameacha hata mpira alioupenda, huyo mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, ueleze yote na uombe kuelekezwa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Kiboko hakijawahi kutibu uraibu.

Na ile gemu iliyosemekana kuua watoto?

Mei 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, KFCB, ilitangaza kuipiga marufuku "Blue Whale" baada ya kifo cha kijana mmoja wa Nairobi kuhusishwa nayo. Wazazi wengi walidhani ni gemu kama FIFA, ya kupakua na kufuta. Kulingana na habari zilizoanzia Urusi mwaka 2016, haikuwa hivyo. Ilielezwa kuwa mtu asiyejulikana humtumia kijana amri siku baada ya siku kupitia mitandao ya kijamii, kila amri ikiwa mbaya kuliko ya jana.

Funzo lake bado linatufaa. Gemu nyingi za mtandaoni zina mahali pa kuandikiana na kuzungumza na wageni, na hatari kubwa mara nyingi ni mtu aliye upande wa pili. Zima maongezi hayo kwa mtoto mdogo. Mkubwa mwambie waziwazi: yeyote anayekuomba picha, namba ya simu au siri, niambie, na sitakunyang'anya simu kwa kuniambia. Ukivunja ahadi hiyo mara moja, hutaambiwa tena.

Mbona pesa ndogondogo zinapotea nyumbani?

Swali hili wapinzani wa gemu hawaliulizi sana, na watetezi hawapendi kulijibu. Rudi kwenye lile benchi. Katika vyumba vingi sheria ni moja: aliyefungwa analipa, mshindi anabaki. Tuseme mechi ni shilingi 20. Kijana hodari anaweza kushinda pale tangu asubuhi bila kutoa hata ndururu. Anayemlipia ni mdogo, mgeni, asiyejua vibonye. Akifungwa mara tano, shilingi 100 zimekwenda, na bado anataka kulipiza kisasi. Zile zilikuwa za unga.

Wakiongeza dau juu ya bei ya mechi, hiyo tayari ni kamari, na sheria ya Kenya haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Tusisahau mashine za kamari za kutumbukiza sarafu zilizojaa vijijini hadi serikali ikaanza kuzikamata na kuziteketeza mwaka 2018. Mwenye chumba cha gemu anayeweka mashine hiyo pembeni, au anayeruhusu dau, haendeshi tena biashara ya gemu.

Kwenye simu, mtego una jina jingine. Gemu kama Free Fire hupakuliwa bure, kisha huuza "almasi" za kununulia mavazi na mapambo ya silaha. Usimpe mtoto namba yako ya siri ya M-Pesa, hata "mara moja tu", na weka nenosiri kwenye duka la programu.

Nitajuaje gemu inamfaa mtoto wangu?

Tazama namba kwenye jalada au pale inapopakuliwa. Mfumo wa Ulaya, PEGI, hutumia 3, 7, 12, 16 na 18. Gemu za mpira za FIFA, ambazo sasa zinaitwa EA FC, hupewa 3. GTA San Andreas, ambayo watoto wengi wa Kenya waliijulia kwenye PS2, ni ya 18, kwa sababu ya mauaji, uhalifu na lugha chafu. Namba hiyo ni ya umri unaofaa, haihusiani na ugumu wa gemu.

Njia bora zaidi ni kukaa chini na kushika padi. Utafungwa mabao matano na kuchekwa. Lakini baada ya nusu saa utajua mwanao anafanya nini mle, na siku ukikataza gemu moja, atajua unakataza unachokijua.

Acheze kwa muda gani?

Kwa wadogo, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019: aliye chini ya miaka 2 asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Kwa wakubwa, anza kwa kuhesabu usingizi. Madaktari wa usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa wa miaka 13 hadi 18. Toa usingizi, masomo, kazi za nyumbani na kucheza nje. Kinachobaki ndicho mnachoweza kugawana na gemu. Simu ilale chumbani kwa wazazi.

Serikali zimejaribu kukaza kamba. Tangu 2021 China huwaruhusu walio chini ya miaka 18 gemu za mtandaoni kwa muda wa saa moja tu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Korea Kusini iliwafungia walio chini ya miaka 16 kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kwa sheria ya 2011, kisha mwaka 2021 ikatangaza kuifuta. Hapa kwetu mlinzi wa saa hizo ni wewe.

Jambo moja dogo hupunguza kelele: gemu ya mtandaoni haisimamishwi katikati, na anayetoka huwaangusha wenzake. Badala ya "zima sasa hivi", sema "ukimaliza mechi hii, zima". Kisha simama hapo hadi iishe.

Nikihitaji msaada?

Piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto. Mtoto mwenyewe pia anaweza kuipiga. Kamari ya watoto ipeleke kwa chifu au kituo cha polisi.

Na kabla ya kufika huko, wazazi wa soko moja wanaweza kumwendea mwenye chumba kwa heshima na kukubaliana naye mambo manne, yaandikwe kwenye kadibodi mlangoni: mwenye sare ya shule haingii, gemu za 18 hazichezwi mbele ya watoto, saa kumi na mbili watoto wanakwenda nyumbani, kila mtu anajilipia mechi yake. Hilo la mwisho vijana watalipinga kuliko yote, hasa yule asiyefungwa.