Divai "Kavu" ni Nini? Somo la Tafsiri kutoka Lebo ya Soave

Hapa Kasapa nawasikia mara nyingi wanafunzi wenzangu wakisema kwamba kuna mambo Kiswahili hakiyawezi, na divai ni mojawapo. Mezani tunabadilisha lugha: chakula tunakitaja kwa Kiswahili, chupa tunaieleza kwa Kifaransa. Muhula huu mkahawa mmoja wa mjini uliniomba nitafsiri kadi ya vinywaji kwa ajili ya wahudumu wake. Kazi hiyo imenipa mfano wa kuujibu usemi huo. Nachukua kinywaji kimoja tu: Soave, divai nyeupe ya Italia.

Tuanze na jina. Kiswahili kina maneno mawili. "Mvinyo" limetoka katika Kireno, vinho. "Divai" limetoka katika Kifaransa, du vin, pamoja na du yake iliyomezwa ndani ya nomino. Kwa wasemaji wengi mvinyo ni kileo kikali chochote. Divai ni ile ya zabibu, na wasomaji wa Biblia wanaikumbuka kwenye arusi ya Kana. Nimechagua divai.

Soave ni mji ulio karibu na Verona. Katika Kiitalia soave humaanisha pia "laini, pole", lakini kwenye lebo ni jina la mahali, basi halitafsiriwi. Kwa kanuni za huko, angalau asilimia 70 ya zabibu zake huwa za aina ya Garganega. Zinazobaki huwa hasa Trebbiano di Soave au Chardonnay. Nimeandika "divai ya mchanganyiko wa zabibu", kwa sababu "divai iliyochanganywa" ingeeleweka kuwa imetiwa maji.

Ugumu wenyewe uko katika neno secco, ambalo Wafaransa huliita sec. Kamusi itatupa "kavu". Lakini sikiliza matumizi: chai kavu ni chai isiyo na maziwa au kitafunio, mkate mkavu hauna cha kupaka. Katika chakula, "-kavu" hutaja kukosa kiandamani. "Divai kavu" basi ingemfanya mteja adhani inanywewa bila chakula, ilhali lebo inasema jambo jingine kabisa: sukari imekwisha.

Na sukari kwisha tunaijua. Munkoyo wa siku ya kwanza ni mtamu, kwa kuwa mzizi umegeuza wanga wa mahindi kuwa sukari. Ukiachwa unachacha: chachu inakula sukari, utamu unapungua, ukali unaongezeka. Maji ya zabibu hupita njia hiyohiyo, ila sukari yao wanatoka nayo shambani. Hata hivyo kwenye kadi siandiki "iliyochacha", maana hata mboga iliyoharibika husemwa imechacha. Naandika "haina utamu".

Sasa chakula. Soave ni nyepesi, ina uchachu kama wa ndimu, na mwishoni huacha uchungu mdogo kama wa lozi. Uchachu ndio unaoamua. Unakata mafuta, kama ndimu inavyofanya juu ya samaki. Kwa hiyo divai hii inafaa bukari kwa samaki wa kukaanga, au sombe iliyoungwa kwa mawese. Pilipili nyingi haipatani nayo, kwani kileo huzidisha mwako wake. Keki nayo haifai: baada ya kitu kitamu, divai isiyo na utamu huonekana chachu zaidi.

Kadi ikawa hivi:

"Soave. Divai nyeupe kutoka Italia, ya mchanganyiko wa zabibu. Haina utamu, ina uchachu kidogo kama wa ndimu. Inywewe baridi. Inafaa samaki wa kukaanga na sombe. Haifai pilipili nyingi."

Hakuna neno hapo linalomlazimu mhudumu kujua Kifaransa ili amshauri mteja. Kanuni ninayoipendekeza kwa watafsiri wenzangu ni hii: kabla ya kutafuta kisawe cha neno, uliza ulimi unahisi nini, kisha uliza ni chakula gani cha nyumbani kinachotoa hisia hiyo.

Zoezi: Wafaransa husema un vin rond. Litafsiri bila kutumia "mviringo", na utaje chakula kimoja cha Lubumbashi kitakachomsaidia msomaji kukuelewa.