Bunduki Hainunuliwi Kama Sukari: Duka la Jirani, Duka Kubwa na Muuzaji wa Mtandaoni



Katika mikutano ya polisi na wananchi hurudi swali moja, na aghalabu waulizao ni vijana: ikiwa Marekani bunduki huuzwa katika duka lilelile liuzalo mikate, na hata kwa njia ya simu, kwa nini sisi tuanzie kwa mwenyekiti wa LC1, kisha kituoni, kisha makao makuu? Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu kamili. Asikiaye habari za Marekani kwa mbali hudhani kwamba huko bunduki ni bidhaa huria. Sivyo.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 humtaka kila mtu afanyaye biashara ya bunduki awe na leseni ya serikali kuu. Haibagui duka dogo la mtaani na kampuni kubwa yenye matawi kila mji. Kwa wote wawili mnunuzi hujaza fomu namba 4473, akithibitisha kwamba yeye mwenyewe ndiye mnunuzi halisi. Kumnunulia mtu mwingine kwa siri huku ukitia sahihi kuwa bunduki ni yako ni kosa la jinai, hata kama wewe binafsi huna doa. Kisha muuzaji huulizia jina la mnunuzi katika mfumo wa FBI ulioanza kazi Novemba 1998, ili ijulikane kama sheria imemzuia.

Tofauti ya maduka basi iko wapi? Duka la jirani huwa na bei ya juu kidogo, lakini mwenyewe huifahamu bidhaa yake, huikarabati, na huwajua wateja wake. Akimwona mwanamke ameandamana na mwanamume anayemnong'oneza bastola ya kuchagua, ana haki ya kukataa kuuza. Duka kubwa huuza kwa nafuu, aina zake ni chache, na karani huenda hamjui mteja kabisa. Badala yake kuna kanuni za kampuni. Walmart iliacha kuuza bastola mwaka 1993, isipokuwa Alaska. Mwaka 2018 ilipandisha umri wa mnunuzi wa bunduki hadi miaka 21, na mwaka 2019, baada ya mauaji yaliyotokea ndani ya duka lake mjini El Paso, Texas, iliacha kuuza risasi za bastola, pamoja na bastola zenyewe huko Alaska.

Kanuni moja ya kampuni hiyo yafaa kuangaliwa zaidi. Sheria husema kwamba siku tatu za kazi zikipita bila jibu la FBI, muuzaji anaweza kumkabidhi mnunuzi bunduki. Walmart husubiri mpaka jibu lije. Aprili 2015 duka moja la South Carolina lilimkabidhi kijana bastola baada ya siku hizo kwisha, bila kuvunja sheria yoyote. Juni mwaka huohuo aliwaua watu 9 waliokuwa katika ibada kanisani Charleston. Baadaye FBI ilikiri kwamba uchunguzi ungekamilika ipasavyo, asingeipata.

Na mtandaoni? Hapa ndipo wengi hukosea. Aagizaye bunduki kwa muuzaji mwenye leseni kupitia intaneti haletewi nyumbani. Hupelekwa kwenye duka lenye leseni katika jimbo lake. Huko hujaza fomu ileile, huchunguzwa, na hulipa ada ya huduma hiyo. Mtandao humpa bei na uchaguzi mpana, lakini mlango wa mwisho unabaki kuwa duka la jirani.

Tundu lipo kwingine: raia asiye mfanyabiashara akimuuzia raia mwenzake wa jimbo lilelile, sheria ya serikali kuu haimlazimishi kumchunguza, ingawa majimbo kadhaa yameziba pengo hilo. Mtu mmoja wa Texas alikataliwa dukani mwaka 2014, akapata bunduki kwa muuzaji wa namna hiyo, na tarehe 31 Agosti 2019 akaua watu 7 katika miji ya Midland na Odessa. Muuzaji alifungwa miaka miwili kwa kuuza silaha bila leseni.

Ndugu msomaji, muuzaji huyo ndiye anayefanana na yule ajaye kijijini usiku na bunduki ndani ya gunia. Kwa sheria ya Uganda, kununua au kuwa na bunduki bila hati halali ni kosa, hata ukiwa na nia ya kulinda ng'ombe wako tu. Na bunduki ina historia. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 inazitaka nchi zetu zitie alama kila silaha ili asili yake ifuatiliwe. Ukikamatwa nayo, mauaji yaliyofanywa nayo ng'ambo ya mpaka kabla hujaijua utaulizwa wewe, na huna risiti wala jina la aliyekuuzia. Namba iliyokwanguliwa ndiyo itakayokuponza zaidi.

Anayetuma picha za bastola kwa simu na kudai malipo kwanza, mara nyingi hana bastola. Anajua kwamba utakayemlalamikia ni polisi, na kwamba utaona haya kueleza ulichokuwa ukinunua. Njoo ueleze hata hivyo, pamoja na namba ya simu uliyotumia pesa. Namba hiyo huenda inawatapeli majirani zako leo.

Na kama tayari unayo silaha nyumbani, usiibebe barabarani kuileta. Iache ilipo, mbali na watoto, umtume mwenyekiti wa kijiji au kiongozi wa dini atangulie kituoni kutoa taarifa. Askari watakuja wenyewe kuichukua.