MASWALI 5 YA KUMUULIZA MTEJA KABLA HUJAMTUMIA KING'AMUZI

Somo la leo linawahusu zaidi mnaouza vifaa vya umeme mtandaoni: TV, ving'amuzi, antena, sola. Ila hata kama unauza viatu au vyombo, soma mpaka mwisho, kanuni ni ileile.

Mteja anayekuulizia king'amuzi anataka kitu kimoja tu: picha ionekane sebuleni kwake. Akifungua boksi picha isionekane, kwake umemuuzia kitu kibovu, hata kama kifaa ni kizima kabisa. Na kwa sisi tunaotuma mizigo kwa boti na mabasi, king'amuzi kikirudi, faida yote imekwenda na nauli.

TUANZE NA HISTORIA KIDOGO

Mwaka 2006 nchi nyingi zilikaa Geneva chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), zikakubaliana kuhama kutoka TV za analojia kwenda dijitali. Kwa Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati mwisho uliwekwa 17 Juni 2015. Tanzania ikaamua kutangulia. Usiku wa 31 Desemba 2012, TCRA ikasimamia kuzimwa kwa analojia Dar es Salaam. Ratiba ya mwaka 2013 ikaendelea hivi: Dodoma na Tanga 31 Januari, Mwanza 28 Februari, Arusha na Moshi 31 Machi, Mbeya 30 Aprili. Kigoma hatukuwemo kwenye orodha hiyo ya kwanza. Mikoa mingine ilifuata awamu za baadaye.

Kwa nini walihama? Kwenye analojia, chaneli moja inakula njia nzima ya masafa peke yake. Kwenye dijitali, njia hiyohiyo inabeba chaneli kumi na zaidi. Masafa yaliyobaki yanapewa kazi nyingine, hasa intaneti ya simu. Mwaka 2018 TCRA ilipiga mnada masafa ya 700 MHz kwa kampuni za simu, na hayo ni masafa yaliyokuwa kwenye eneo la TV. Kwa hiyo mabadiliko haya yanatugusa hata sisi tunaoposti bidhaa kwa simu.

Hapo mfanyabiashara ana mambo mawili ya kujifunza. La kwanza, ratiba ilitangazwa mapema. Aliyeisoma alijua mji gani unafuata na lini watu wataanza kutafuta ving'amuzi. Mabadiliko ya lazima huwa yanatangazwa, soma matangazo ya mamlaka kabla ya wateja wako.

La pili, usikimbilie kujaza stoo kabla kiwango hakijatulia. Kenya walizindua dijitali Desemba 2009 kwa kiwango cha DVB-T, halafu wakahamia DVB-T2. Vile vya mwanzo havikuweza kupokea matangazo mapya. Nchi za SADC, sisi tukiwemo, zilikubaliana kutumia DVB-T2 mwaka 2010. Ukiona TV au king'amuzi cha antena cha bei rahisi sana, angalia kwenye boksi. Kama kimeandikwa DVB-T peke yake bila 2, kiache hukohuko.

Sasa twende kwenye maswali.

1. UKO WAPI HASA?

Usikubali jibu la "niko Kigoma". Uliza kijiji, na uliza kama kuna mlima karibu. Kuna ving'amuzi vya antena na kuna vya dishi. Cha antena kinapokea kutoka kwenye mnara wa ardhini, kwa hiyo umbali na milima vinaathiri. Cha dishi kinapokea kutoka kwenye satelaiti, kinachotaka ni uwazi wa anga upande mmoja.

Enzi za analojia, mawimbi yakiwa dhaifu ulikuwa unaona chenga, lakini mpira unaufuata hivyohivyo. Dijitali haina huruma hiyo. Mawimbi yakipungua kidogo picha inaganda, yakipungua zaidi huoni chochote.

Kuna baba mmoja alikuja dukani kwangu na king'amuzi cha antena alichonunua kwa muuzaji mwingine mtandaoni, ametoka nacho kijijini huko pembeni ya ziwa. Alijua ameuziwa kibovu. Nikakichomeka, kikaonyesha vizuri tu. Shida ilikuwa mlima. Ukienda kaskazini Mwamgongo na Kagunga, au kusini kule Kalya, milima inashuka mpaka karibu na maji, nyumba ziko chini. Mteja wa huko mwambie dishi mapema, kabla hajatuma hela.

Usiangalie jina la kampuni ukadhani umemaliza. StarTimes peke yake wana cha antena na cha dishi. Andika aina kwenye tangazo lako, tena kwa herufi kubwa.

2. TV YAKO NI YA AINA GANI?

Mwambie akupigie picha ya nyuma ya TV, pale penye matundu ya waya. Picha moja inamaliza maswali kumi.

TV ya chogo yenye matundu ya rangi inataka waya wa AV, ule wa njano, nyeupe na nyekundu. Kuna machogo ya zamani zaidi yana tundu la antena tu, na ving'amuzi vingi vya sasa havitaungana nayo moja kwa moja. Flati nyingi zinatumia HDMI. Hakikisha waya anaouhitaji umo kwenye boksi, kama haumo uza pamoja.

Pia kuna flati zenye king'amuzi cha antena ndani yake. Kama ina DVB-T2 na mteja yuko mahali mawimbi ya mnara yanafika, antena tu inaweza kumpa chaneli za bure. Mwambie ukweli huo. Leo utauza antena ya bei ndogo, kesho atamleta shemeji yake.

3. UNATUMIA UMEME GANI?

Vijijini wengi wako kwenye sola. Ving'amuzi vingi vinatumia volti 12, lakini usikisie, soma maandishi kwenye adapta. Kama TV yake ni ya umeme wa kawaida atahitaji inveta, na betri ndogo itakata katikati ya mechi. Muulize ukubwa wa betri na saa anazotaka kuangalia.

4. NANI ATAKUFUNGIA?

Antena mtu anaweza kuhangaika nayo mwenyewe. Dishi linataka fundi, kwa sababu likikosea kidogo tu hupati kitu. Kwa mfano, satelaiti ya Azam iko nyuzi 7 mashariki na sisi Kigoma tuko karibu nyuzi 30, ndiyo maana madishi yake hapa yanaangalia magharibi, upande wa ziwa na Kongo. Mteja mwenye mwembe mkubwa upande huo ajue mapema. Tafuta fundi mmoja mwaminifu kwa kila eneo unalotuma mzigo, weka namba yake kwenye simu yako, na bei yake mteja aijue kabla ya kulipa.

5. UNATAKA KUANGALIA NINI, NA KWA MWEZI UTAWEZA KULIPA NGAPI?

Wengi wanadhani wakishanunua wamemaliza. Waeleze habari ya kifurushi tangu mwanzo. Na usiahidi chaneli, kwa sababu si zako. Mwaka 2018 chaneli za bure za hapa nchini ziliondolewa kwenye baadhi ya ving'amuzi vya dishi vya kulipia kwa sababu ya mambo ya leseni. Muuzaji aliyekuwa ameahidi "taarifa ya habari bure maisha" alijibu simu za lawama kwa kosa ambalo si lake. Sema hivi: "Kwa sasa zinaonekana hizi."

HESABU YAKE

Chukulia mfano: unapata faida ya 10,000 kwa king'amuzi kimoja. Kukituma kwa boti 4,000, mteja amelipa. Kikirudi unalipa wewe 4,000, ukituma kingine 4,000 tena. Umebaki na 2,000, boksi limeshafunguliwa, na mteja ameshaandika kwenye grupu la kijiji kwamba wewe tapeli. Maswali matano yanachukua dakika tano.

Nakili ujumbe huu uweke kwenye simu yako:

"Asante kwa oda yako. Kabla hujalipa naomba unijibu: 1) Uko kijiji gani, kuna mlima karibu? 2) Nipigie picha ya nyuma ya TV. 3) Umeme ni wa TANESCO au sola? 4) Una fundi? 5) Unapenda chaneli gani, na bajeti ya mwezi ni ngapi?"

La mwisho dogo: kwenye tangazo andika maneno yote mawili, king'amuzi na kisimbuzi, maana wateja wengine wanatafuta kwa neno moja na wengine kwa lingine.

KAZI YA LEO: chukua bidhaa unayouza zaidi, iwe nguo, simu au sufuria, andika sababu tatu zinazofanya irudishwe. Kila sababu igeuze iwe swali la kumuuliza mteja kabla hajalipa. Weka maswali yako hapo chini kwenye komenti, tusaidiane kuyanyoosha.