SOMO LA AFYA: UCHOVU USIOONEKANA KATIKA VIPIMO

Katika vijiji na mitaa yetu wapo watu ambao uchovu umewalaza kwa miezi, wengine kwa miaka. Hupimwa malaria, hupimwa damu, hupigwa picha ya kifua, na majibu yote hurudi safi. Hapo ndipo maneno huanza: huyo mvivu, huyo amerogwa, huyo hataki jembe. Somo la toleo hili linamhusu mhandisi wa umeme aliyetafuta njia ya kuufanya uchovu wa namna hiyo upimike.

Mhandisi huyo ni Rahim Esfandyarpour. Utafiti wake aliufanya katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, pamoja na Ronald Davis, profesa wa biokemia na jenetiki ambaye mwanawe ni miongoni mwa wagonjwa. Maradhi waliyoyachunguza huitwa ugonjwa wa uchovu sugu. Dalili yake kuu ni mgonjwa kuzidiwa baada ya kazi ndogo, mara nyingi siku inayofuata, hata kuoga kukawa mzigo. Usingizi haumburudishi, akili huwa nzito, na wengine hupata kizunguzungu wakisimama.

Mashine ya kusaga ikizungushwa tupu yaweza kunguruma vizuri kabisa. Ubovu wake hujulikana mahindi yanapomiminwa. Mhandisi huwaza hivyo. Vipimo vingi vya damu huitazama damu iliyotulia, lakini Esfandyarpour na wenzake waliitwika mzigo, nao ulikuwa chumvi tu. Seli iliyozungukwa na chumvi nyingi hulazimika kutumia nguvu ili kulinda uwiano wa maji na chumvi ndani yake. Walitengeneza chipu yenye maelfu ya elektrodi ndogo mno, wakaweka juu yake seli nyeupe pamoja na majimaji ya damu, wakaongeza chumvi, kisha wakafuatilia ukinzani wa umeme, yaani kiasi ambacho sampuli iliuzuia mkondo kupita.

Matokeo yalichapishwa mwezi Aprili 2019. Watu 40 walishiriki, wagonjwa 20 na wazima 20. Katika damu ya wagonjwa ukinzani ulipanda sana. Katika damu ya wazima ulibaki karibu pale pale. Wote 40 walitambulika bila kosa.

Hata hivyo, watu 40 ni wachache, na wagonjwa hawakulinganishwa na watu waliochoshwa na maradhi mengine. Kwa hiyo kipimo hicho hakijawa huduma ya hospitali, na anayekuuzia kipimo cha uchovu sugu mtaani anakudanganya. Lakini jambo moja limeonekana: damu iliyotoa majibu safi ikiwa imetulia yaweza kuonyesha hitilafu ikitwishwa mzigo.

Kwetu sisi, uchovu wa muda mrefu mara nyingi una sababu zinazopimika: upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, VVU, au hitilafu ya tezi shingoni. Anzia zahanati ya kijiji chako. Kisichopimika hapo huombewa rufaa. Majibu yakiwa safi na hali isibadilike, rudi. Mweleze tabibu uchovu ulianza lini, ni kazi gani ulizoziweza zamani na sasa huziwezi, na hasa unavyojisikia siku moja au mbili baada ya kujitahidi. Ugonjwa huu hadi leo hutambuliwa kwa maelezo hayo, kwa hiyo usione haya kuyasema yote. Ikiwezekana, nenda na ndugu anayekuona nyumbani.

Kwa wanafamilia: msimlazimishe mgonjwa kufanya mazoezi “apate nguvu”. Ushauri huo ulitolewa kwa miaka mingi, lakini mwaka 2021 taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, iliacha kupendekeza programu za kumwongezea mazoezi hatua kwa hatua. Mpeni kazi anayoiweza, naye apumzike kabla hajachoka.