Kumuuguza Mzee Mwenye Mpira wa Mkojo Nyumbani

Mpira wa mkojo, ambao kitaalamu huitwa katheta, ni mrija laini unaopitishwa katika njia ya mkojo hadi ndani ya kibofu, na hushikiliwa humo na kiputo kilicho karibu na ncha yake, ambacho muuguzi hukijaza maji yasiyo na vijidudu, mara nyingi mililita 10 kwa mtu mzima. Kwa sababu ya kiputo hicho, mpira ukivutwa, iwe na mgonjwa aliyechanganyikiwa usiku au na jamaa anayemgeuza kitandani, huweza kuichana njia ya mkojo. Hivyo hubandikwa pajani kwa plasta, ukiachwa ulegee kidogo. Wazee wengi wa kiume huwekewa mpira baada ya tezi dume kutanuka na kuibana njia hiyo.

Mkojo hushuka kwa uzito wake, kwa hiyo mfuko hukaa chini ya kibofu wakati wote, mgonjwa awe amelala au ameketi, bila kugusa sakafu, maana ukiinuliwa mkojo huweza kurudi kibofuni pamoja na vijidudu. Humwagwa kabla haujavuka theluthi mbili, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, na maungio ya mpira na mfuko hayafunguliwi ovyo. Mpira unapoingilia mwilini huoshwa kila siku kwa maji na sabuni ya kawaida, dawa kali hazihitajiki, na kwa mwanamume asiyetahiriwa govi hurudishwa mahali pake baada ya kuoshwa, lisije likavimba. Mzee Mwislamu hana haja ya kuacha sala, kwani fikihi humhesabu kuwa mwenye udhuru.

Kosa linalodhuru zaidi hutokana na huruma: familia humpunguzia mzee maji ili mfuko usijae upesi, ilhali mkojo mzito ndio unaoleta mashapo na kuuziba mpira. Lita 1.5 hadi 2 za vinywaji kwa siku hufaa, isipokuwa daktari amezuia kwa ajili ya moyo au figo. Choo kigumu nacho kitibiwe, kwa kuwa hukibana kibofu na mrija.

Mkojo ukikoma, kwanza hutazamwa kama mrija umekunjika au umelaliwa. Ikiwa mrija haujakunjika wala kulaliwa, na tumbo la chini likajaa na kuuma, au mkojo ukavuja pembeni mwa mpira, mgonjwa hupelekwa kituo cha afya bila kungoja asubuhi. Homa, kutetemeka na kuweweseka kwa ghafla, ambako nyumbani hudhaniwa ni uzee tu, huweza kuashiria maambukizi yaliyoingia kwenye damu. Kinyume chake, harufu au ukungu wa mkojo peke yake si sababu ya kununua antibiotiki dukani, kwa kuwa mpira uliokaa wiki kadhaa huwa na bakteria karibu kila mara, na dawa zisizohitajika huwafanya wawe sugu.

Mpira wa lateksi wa kawaida hubadilishwa takriban kila wiki 4, na wa silikoni huweza kufika wiki 12; tarehe iandikwe kwenye kadi ya kliniki, na kazi yenyewe ifanywe na muuguzi.